Mashahidi Elfu Kumi na Moja wa Karatasi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, Nunzia Capriotti anasimama mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, ufunguo mkononi, wala hafungui. Anasikiliza kwanza.

Nyuma ya mlango kitu kinavuma. Si mashine, maana mashine hazijawashwa. Si upepo, maana moshi wa nyumba ya jirani unapanda wima kama uzi. Ni mvumo mmoja wa chini, mrefu, kama wa watu wengi waliofumba midomo kanisani wakimsubiri padri aanze.

"Wameamka," anasema, na uso wake unalegea. Anatia ufunguo.

Ndani ni rafu za mbao tu kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu ni mabomba ya karatasi, yamelazwa ubavu kwa ubavu, vinywa vyao vimeelekea mlangoni. Yapo elfu kumi na moja na mia mbili arobaini. Mengine ni manene kama paja la mtu mzima. Mengine ni mirija myembamba kama kidole. Kila moja lina kikaratasi chenye namba, tarehe na jina la mnunuzi.

Mahali pamoja tu, rafu ya saba upande wa kushoto, pana nafasi isiyo na kitu. Nunzia hupapita bila kupatazama.

Kiwanda cha Razzano kiko Corbin Run, mji mdogo wa magharibi mwa Pennsylvania ambako wajukuu wa Waitaliano wamekuwa wakitengeneza fataki tangu babu zao waliposhuka melini. Lakini Razzano hawatengenezi fataki. Humo ndani hamna hata chembe ya baruti. Wanaviringisha karatasi na gundi, basi. Mabomba manene hununuliwa na warusha fataki, ambao huyasimamisha ndani ya sanduku la mchanga na kurushia humo. Mirija hununuliwa na watu wanaojitengenezea roketi ndogo kwa kujifurahisha, na walimu wa shule.

Nunzia ana miaka sitini na mitatu. Arobaini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza hapa, kwenye meza ileile aliyoiacha mama yake, marehemu Filomena. Analipwa dola kumi na tisa na senti arobaini kwa saa. Mikono yake ni mipana, na kwenye kifundo cha kidole cha kati pana sugu gumu kama kwato.

Sugu hilo ndilo kazi yenyewe. Bomba likikauka, Nunzia huligonga kwa kifundo, kisha huliweka mdomoni na kulipuliza. Lililoiva hulia *ko*, na pumzi hutoka na sauti moja safi. Bichi hulia *pu*, na sauti yake hukwama kama ya mtu mwenye mafua.

"Siku moja utapuliza moja likujibu," humtania mwenzake wa meza ya pili, Wanda Sobczak. "Na mimi siku hiyo nitakuwa nimeshafika kwa dada yangu Ohio, bila koti."

Chumba cha mlango wa kijani kilianza mwaka 1991. Mteja mmoja alikishtaki kiwanda, kesi ikaisha salama, na wakili wa wakati huo akatoa ushauri: katika kila mkupuo wa mabomba, moja liwekwe rafuni. Siku mkishtakiwa tena, alisema, mtakuwa na shahidi asiyesahau na asiyezeeka. Wafanyakazi wakakiita chumba cha mashahidi.

Hakuna aliyetilia maanani kwamba kilikuwa kikivuma. Karatasi nyingi, vinywa vingi, tundu la hewa ukutani. Ilieleweka.

Kisha ikaja Agosti ya miaka minne iliyopita. Katika sikukuu ya Mtakatifu Roko, mji wa jirani, bomba moja la inchi tano lilipasuka ubavuni badala ya kuitema fataki juu. Dale Hostetler, fundi wa mapaa mwenye miaka arobaini na mmoja, aliyekuwa akisaidia kanisa kwa kujitolea, alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia na uwezo wote wa kusikia.

Wakili wake alikusanya risiti zote za sikukuu ile na kumshtaki kila mtu ambaye jina lake lilikuwemo. Walikuwa tisa. Aliyeuza fataki, aliyeuza utambi, aliyeuza baruti, aliyeuza gundi. Hata aliyeuza mchanga.

"Mchanga!" anasema Emidio Razzano, mwenye kiwanda, mzee wa miaka sabini na minane anayevaa tai kila siku hata akipakia mzigo. "Mungu mwenyewe ana bahati kwamba hakutoa risiti."

Kati ya wale tisa, watano wamekwisha kufunga milango. Hakuna hata mmoja aliyeonekana na hatia. Bima ziliwakimbia tu, na bila bima hakuna kampuni ya fataki, parokia wala shule inayoruhusiwa kununua kwako hata utepe. Bima ya Razzano yenyewe ilipanda kutoka dola elfu thelathini na nane kwa mwaka hadi laki mbili na elfu kumi na mbili. Wafanyakazi walikuwa thelathini na mmoja. Leo ni sita.

Simu inalia. Nunzia anaipokea kwa bega huku mikono ikiendelea kupaka gundi. Ni Mwalimu Ickes, mstaafu wa sayansi, anayefundisha watoto kurusha roketi kila Jumamosi.

"Mirija ishirini na minne tu, mama. Ile midogo."

"Mwalimu, bima yetu inataka kila mnunuzi awe na yake. Niletee cheti cha bima cha dola milioni mbili, nitakuletea mwenyewe, na biskuti juu."

"Milioni mbili? Roketi zetu hazifiki hata kwenye kengele ya kanisa."

"Najua. Mwaka juzi moja ilitua kwenye sufuria ya shemeji yangu."

Wanacheka wote wawili, kisha mwalimu anasema atajaribu tena mwezi ujao. Nunzia anakata simu. "Kila mwezi anapiga," anasema. "Kila mwezi namjibu hivyohivyo. Yule aliyekuwa akimuuzia unga wa roketi ni mmoja wa wale watano."

Kesi ilipofunguliwa, mahakama iliagiza chumba cha mashahidi kisiguswe. Asitoe mtu kitu, asiingize mtu kitu. Nunzia akapewa ufunguo na daftari la kutia sahihi kila anapoingia kukagua. Wakaja watu watatu wenye glovu nyeupe, wakatoa bomba moja, la mkupuo wa 4417, ndugu wa lile lililompasukia Dale. Walilifunga kwenye mfuko kama maiti ya mtoto, wakaondoka nalo.

Tangu siku hiyo mvumo ulibadilika. Ulishuka, ukawa mzito, na kila baada ya muda ulikatika, kama mtu anayevuta pumzi katikati ya wimbo.

"Shimo lile linapumua," alisema Wanda, na hakuingia tena. Alitundika mlangoni msalaba wa matawi aliopewa Jumapili ya Mitende. Upo hadi leo, umekauka rangi ya chai.

Mzee Emidio aliliziba tundu la hewa kwa ubao na saruji. Mvumo haukukoma. Akaita fundi wa mitambo ya joto, kijeba mmoja mchekeshaji. Fundi alikaa ndani dakika kumi. Alitoka akiwa hacheki, akasema hadai kitu, akaiacha hata tochi yake. Haijafuatwa.

Matokeo ya maabara yalikuja mwaka jana, mwezi wa Septemba. Bomba la 4417 lilikuwa zuri. Zuri mno. Lilistahimili karibu mara mbili ya nguvu iliyotakiwa.

Mzee Emidio alileta biskuti za anisi na divai, akamkumbatia kila mtu. Bima ilikuwa imeandika kwamba kesi ikienda hivyo, haitaondoka. Kiwanda kimepona. Nunzia alikula biskuti moja, akaenda kutia sahihi daftari lake.

Alipofungua mlango wa kijani, chumba kilikuwa kimya.

"Sikuwahi kukisikia kimya," anasema. Anaacha kupaka gundi, jambo asilolifanya hata akipiga chafya. "Miaka yote ile. Nilidhani nimeziba masikio. Nikapiga makofi. Makofi niliyasikia. Wao ndio walikuwa hawasemi. Vinywa elfu kumi na moja, vyote vimenigeukia, wala havisemi."

Alijua kwa nini. Au ndivyo anavyosema sasa.

Alilikumbuka lile bomba. Julai lilipotengenezwa joto lilikuwa kali na hewa imejaa maji, gundi ikichelewa kukauka. Mkupuo ulikuwa wa mabomba mia tatu. Yote aliyagonga, yote yalilia *ko*, ingawa machache yalikuwa na kijimkunjo chembamba ubavuni, kilicho ndani ya kiwango. Na ilipofika saa ya kuweka shahidi rafuni, alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyapanga, akayazungusha mwangani, akachagua lililo zuri kuliko yote.

Hakuna mviringishaji wa mabomba asiyefanya hivyo. Nani aweke rafuni kitu cha kumwaibisha? Wakili wa 1991 alisema wekeni moja, hakusema lipi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila mkono uliopita hapa ulichagua ua la shamba zima. Chumba kile hakikuwa na mashahidi. Kilikuwa na maharusi.

Alivumilia siku tisa za ukimya. Siku ya kumi alimfuata mzee ofisini.

"Mzee, lile bomba nililichagua."

"Sote tunachagua," alijibu Emidio bila kuinua macho. "Mama yako alichagua. Mimi nilichagua. Nani anampeleka mtoto kupiga picha akiwa na makamasi?"

"Sasa huyo mtoto wa picha ndiye ametoa ushahidi kwamba ndugu zake mia tatu wana pua kavu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Nunzia, mwanangu. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, usimwoneshe mbwa njia ya bucha."

Novemba aliitwa kutoa ushahidi wa kiapo. Haukuwa mahakamani. Ilikuwa ofisi ya mawakili, ghorofa ya tano, meza ndefu, jagi la maji, na karani wa kike akipiga chapa kila neno. Walimuuliza saa mbili nzima. Gundi gani, joto gani, karatasi ya wapi. Mwishoni wakili wa Dale, kijana mwenye sauti ya upole, alifunika kalamu yake na kuuliza, kama mtu anayeulizia mvua, sampuli ile ilipatikanaje.

Wakili wa bima alikuwa amemfundisha jibu. "Kwa utaratibu wa kawaida wa kiwanda," alisema Nunzia.

Karani akaandika. Kisha mikono ya karani ikatulia, na chumba kikanyamaza.

"Ulikuwa ukimya uleule," anasema Nunzia. "Wa rafuni. Umenifuata ghorofa ya tano. Nikamwona karani anageuza shingo kutazama nyuma yangu, ingawa nyuma yangu kulikuwa na ukuta tu. Nikajua nisiposema, nitaondoka nao mpaka nyumbani."

Akasema: "Na utaratibu wetu wa kawaida ni kuchagua zuri kuliko yote."

Wakili wa bima alifunga faili lake taratibu sana.

Wiki mbili baadaye walipatana nje ya mahakama. Kiasi kilicholipwa ni siri. Karatasi ya makubaliano inasema hakuna aliyekiri kosa na hakuna aliyesafishwa. Kama bomba la mkono wake lilikuwa bovu, au fataki ilikuwa imekaa vibaya, au ni utambi, hakuna atakayejua tena. Barua ya bima ilifika siku iliyofuata: tarehe thelathini Juni wanaondoka. Bila bima nyingine, siku hiyo Razzano nao wanafunga, na watu sita wanarudi makwao.

Wanda hakusema naye siku nyingi. Kisha asubuhi moja alimwekea kahawa mezani. "Mtakatifu Nunzia," alisema, "uliyeshinda majaribu. Niombee na kazi."

Na jioni ileile waliyopokea barua, Nunzia alipokwenda kuufunga mlango wa kijani, alisikia ndani, chinichini, mvumo ukianza upya.

Januari alikuja mgeni. Alisimama mlangoni na theluji mabegani, mkono wa kulia ndani ya mfuko. Nunzia alimtambua kutokana na picha za kesi. Dale Hostetler alitoa daftari dogo kumwonesha kwamba aandikiwe, kisha akasema kwa sauti ya juu ya watu wasiojisikia: "Mama, mimi sikuwashtaki nyinyi. Nilimpa wakili sanduku la risiti. Sikujua atazitumia zote. Yule wa mchanga ni binamu yangu. Mama yake hanipi tena hata salamu."

Nunzia alimpeleka mlango wa kijani. Hajui kwa nini, anasema. Hakumwandikia kitu chochote kuhusu mvumo, na mtu yule alikuwa hasikii hata radi.

Dale aliingia, akatembea kando ya rafu, na bila kuonyeshwa alisimama penye nafasi tupu. Akatoa ule mkono wa vidole viwili, akauingiza shimoni hadi kwenye kiwiko. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Wanaimba," alisema.

Nunzia aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: LILIKUWA LANGU?

Dale alisoma. "Sijui, mama. Nilisikia mlio mmoja tu, na ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia. Nimeurudia kichwani kila siku. Siku nyingine ni *ko*. Siku nyingine ni *pu*."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za *ko* na *pu*.

Ijumaa hii, saa nne, anatarajiwa mgeni mwingine, na ndiyo sababu Mzee Emidio amefunga tai mpya na Wanda amefagia mara mbili. Ni Thaddeus Yoakum, mkaguzi wa mfuko mdogo wa bima ulioanzishwa na watengenezaji wadogo waliokwisha kukataliwa kwingine. Anafika kwa wakati, mtu mrefu mwenye viatu vilivyolowa. Anakagua gundi, mizani, vizima moto. Anakataa biskuti, anakubali nusu ya mkate wa mayai na pilipili hoho alioufunga Nunzia kwa ajili ya mfungo.

"Nitawaambia ukweli," anasema akitafuna. "Faili lenu lilikuwa la kukataa. Kisha nikasoma ukurasa wa themanini na nne wa ushahidi wa mama huyu. Miaka ishirini na miwili nasoma viapo vya watu, sijaona muuzaji akijitia kisu mwenyewe."

"Huyo si kisu," anasema Wanda. "Huyo ni panga lenye aproni."

"Nataka kuona mnavyochagua sampuli sasa."

Wote wanamtazama Nunzia. Mkupuo wa jana uko mezani, mabomba sitini ya inchi tatu. Anayageuzia mgongo. Anafumba macho, anapeleka mkono nyuma, unapapasa hewani, unagusa moja, unaliacha, kisha unarudi na kulishika hilohilo.

Ni baya. Lina mkunjo kama kovu toka ukingoni hadi katikati. Mzee Emidio anatoa mguno na kuangalia dirishani.

Nunzia analigonga. *Ko*. Analipuliza, na sauti inatoka nyembamba kidogo, yenye mkwaruzo, lakini inatoka. Anaandika namba na tarehe, na kwenye kikaratasi anaongeza maneno matatu ambayo hayajapata kuandikwa kwenye kikaratasi chochote cha kiwanda hiki: *lina mkunjo ubavuni*.

Yoakum anaandika kitu chake. Jibu, anasema, litakuja kabla ya Pasaka. Haahidi. Mlangoni anasita na kuinamisha kichwa upande. "Mna mashine imebaki inawaka huko?"

"Hapana, bwana," anasema Emidio. "Hakuna mashine."

Mkaguzi anangoja aelezwe. Kisha anaondoka akilitazama mara mbili lile paa.

Nunzia anasema angependa kutimiza miaka hamsini kwenye meza ile, imebaki saba. Bima ikipatikana, wa kwanza kupigiwa simu atakuwa Mwalimu Ickes. Mabomba ya zamani, ambayo sheria haiyazuii tena, mzee alitaka yasagwe tangu Desemba, lakini hakuna aliyekubali kuyabeba. Rafu mpya imepigiliwa ukuta wa pili, nyeupe, bado inanukia msonobari.

Analiweka pale bomba la mkunjo, peke yake, kinywa kikielekea mlangoni. Nyuma yake elfu kumi na moja wanavuma. Anainama, anatega sikio kwa hilo moja, na anakaa hivyo mpaka Wanda anamwita nje mara ya tatu.

"Halijasema bado," anasema akifunga mlango. "Lakini hili, likisema, nitaliamini."